Mwongozo kamili wa kitenzi "run": maana zake, visawe vyake na mitego yake

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili "run" maana yake nini. Atajibu upesi: kukimbia. Jibu ni sahihi, na tatizo linaanzia hapo hapo. Atatembea na jibu hilo miaka mpaka siku mtalii atakaposhika kitenge pale Mwanjelwa na kuuliza kama rangi zake zina-"run", au atakapoajiriwa utingo wa lori Tunduma na kuambiwa injini iachwe "running". Kukimbia hakutamsaidia popote kati ya hapo.

Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ile inayofuatilia historia ya kila neno, walipokipitia upya kitenzi hiki walihesabu maana 645, na hizo ni za kitenzi tu, nomino haimo. Mhariri aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na neno hili moja takriban miezi tisa. Kabla ya hapo sifa ya kuwa na maana nyingi kuliko vitenzi vyote ilikuwa ya "set".

Hakuna anayekariri maana 645, hata Waingereza wenyewe. Wanachofanya ni kuyatazama maneno yaliyo jirani na "run", na hayo ndiyo yanayowaambia maana. Hicho ndicho tutakachojifunza hapa, hatua kwa hatua. Mifano nimeitoa Mbeya, Iringa, Songwe na Rungwe, kwa kuwa neno hushikika haraka likikukuta kwenye shughuli zako.

Hatua ya 1: Shika kiini chake

"Run" ni neno la kale sana katika Kiingereza, na lina ndugu katika Kijerumani, "rinnen", maana yake kutiririka. Tangu zamani, basi, lilikuwa neno la maji na la miguu kwa pamoja. Ukitaka kiini kimoja cha kubeba kichwani, kibebe hiki: kitu kinakwenda mfululizo kwenye njia yake bila kukatika.

Ukishakuwa na kiini hicho, maana nyingi zinaacha kushangaza. "The Kiwira runs under Daraja la Mungu": Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu. "The engine is running": injini inaunguruma. "The contract runs until March": mkataba unaishia Machi. Hata reli, ambayo ni chuma kilicholala chini, Kiingereza kinasema ina-"run": "The TAZARA line runs 1,860 kilometres from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi." Sisi tunasema reli inaanzia Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, au ina urefu wa kilomita 1,860. Treni lenyewe nalo lina-"run", ila hapo maana imehama: "Trains run twice a week" ni treni linafanya safari mara mbili kwa wiki, au kwa lugha ya abiria, linatembea mara mbili kwa wiki.

Hatua ya 2: Uliza ni nani au ni nini kina-"run"

Kabla hujatafsiri chochote, kitafute kiima. Zaidi ya nusu ya kazi inaishia hapo.

Akiwa mtu au mnyama, na hakuna neno jingine linalobadilisha mambo, basi ni kukimbia kweli. Visawe vyake ni rahisi ukivipanga kwa kasi. "Jog" ni kukimbia polepole, kama wanaofanya mazoezi asubuhi. "Trot" ni mwendo wa punda au farasi asiyeharakishwa. "Race" ni kushindana. "Sprint" ni kutoka mkuku kwa umbali mfupi. "Dash" ni kuchomoka ghafla kuelekea mahali fulani, na "bolt" ni kutimka kwa kushtuka, kama swala aliyesikia tawi likivunjika.

Yakiwa maji, ni kutiririka, kupita au kutoka. "Flow" ndicho kisawe cha kawaida, na ndicho salama kwenye maandishi rasmi. "Trickle" ni kuchuruzika, "gush" ni kububujika kwa nguvu. Waongoza watalii wa Ruaha wanahitaji hasa "run dry", kwa sababu Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990, na wageni huuliza. "The river runs dry" ni mto unakauka kabisa. "The river is running low" ni maji yamepungua lakini yapo. Mgeni aliyekuja kutazama viboko, tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo siku yake nzima.

Ikiwa mashine, ni kufanya kazi au kuunguruma, na kisawe chake ni "work" au "function". Ikiwa barabara, uzio au waya, ni kupita, kuanzia mahali hadi mahali, na kisawe ni "stretch" au "extend". Ikiwa gazeti, "The paper ran the story" ni gazeti lilichapisha habari hiyo.

Ukiwa muda, "run" hupenda kufuatwa na "from" na "to". "The rains run from November to April", ndivyo msimu wetu wa mvua ulivyo huku nyanda za juu. "Last" ni kisawe chake, ila "last" hupenda kutaja urefu: "The rains last about six months." Mkutano uliopitiliza muda wake, "The meeting ran over".

Sasa turudi kwenye kitenge, kwa sababu hapa fedha inapotea. Mnunuzi anauliza, "Do the colours run?" Anachotaka kujua ni kama kinachuja. Muuzaji akidhani ameulizwa kuhusu kukimbia atacheka tu, na mnunuzi atafikiri anafichwa jambo. Majibu mawili ya kweli yanatosha. "No, it doesn't run", kama unaijua bidhaa yako. Au "It may run a little the first time, so wash it alone in cold water": huenda kikachuja kidogo mara ya kwanza, kifue peke yake kwa maji baridi. Usichanganye hilo na "fade". "Fade" ni kupauka, rangi kufifia kwa jua na miezi ya kufuliwa. "Run" ni rangi kutoka na kuhamia kwenye maji au kwenye shati jeupe lililokuwa ndoo moja nacho. Kitenge kinaweza kupauka bila kuchuja hata siku moja.

Hatua ya 3: Angalia kama tendo linaangukia kitu

Ukikuta jina moja kwa moja baada ya "run", bila kijineno katikati, umeingia chumba kingine. Mara nyingi hapo "run" ni kuendesha au kusimamia. "She runs a shop in Mafinga": anaendesha duka Mafinga. "They run a school": wanaendesha shule.

Visawe vya hapa vinatofautiana kwa namna ambayo ni muhimu kwenye barua ya kuomba kazi. Ukiandika "I ran a mobile money kiosk", msomaji anaelewa wewe ndiye uliyekuwa mwenye kauli: ulifungua, ulifunga, ulipanga hesabu, na pengine kibanda kilikuwa chako. "I managed a mobile money kiosk" inasema ulisimamia, na mara nyingi mwenye mali ni mwingine. "Operate" hukaa vizuri na mashine, mitambo na kampuni za usafiri. "Head" ni kuongoza idara au taasisi. Kijana aliyeuza dukani kwa baba yake miaka minne na kufanya manunuzi mwenyewe huko soko la SIDO, Mbeya, asiandike "I was helping my father in the shop". Aandike "I ran my father's shop", kama kweli ndivyo ilivyokuwa. Kitenzi hicho kimoja kinamwonyesha mwajiri mtu aliyebeba dhamana.

Kuna majina mengine yanayopenda kukaa baada ya "run", na haya yashike kama yalivyo. "Run a test" ni kufanya kipimo, kwa hiyo daktari akisema "We'll run some tests" anasema tutakufanyia vipimo. "Run a fever" au "run a temperature" ni kuwa na homa. "Run errands" ni kuhangaika na shughuli ndogondogo za mjini: kwenda benki, kununua vocha, kupeleka barua. "Run a risk" ni kujiweka kwenye hatari. "Run the tap" ni kufungulia bomba maji yatoke.

Na mpakani, "run" pia ni kupitisha bidhaa kwa magendo. Kisawe cha wazi ni "smuggle", nacho ndicho utakachokikuta kwenye hati za kisheria.

Hatua ya 4: Usikiache kijineno kilicho nyuma yake

"Out", "into", "over", "through", "down", "up". Hivi vijineno vidogo ndivyo vinavyowaangusha wengi, kwa sababu msomaji anatafsiri "run" kwanza kisha anajaribu kubandika "out" juu yake. Visome kwa mkupuo mmoja.

"Run out" na "run out of" vinastahili muda, na hapa Kiswahili kinatupa msaada. Sisi tuna kuisha na tuna kuishiwa. Kilichoisha ni kitu, aliyeishiwa ni mtu. Kiingereza kina mgawanyo huo huo. "The diesel has run out": dizeli imeisha. "We have run out of diesel": tumeishiwa dizeli. Kwa hiyo kila unapotaka kusema nimeishiwa, tumeishiwa, wameishiwa, weka "of" na utaje kilichoisha. Ukitaka kusema kimeisha, acha "of". Mwenye lugha yetu hana sababu ya kukosea hapa akishaupata ufunguo huu. Jirani zake ni "run low on", kubakiwa na kidogo, na "run short of", kupungukiwa.

"Run into" ina maana mbili zilizo mbali sana. "I ran into your brother at Kabwe" ni nilikutana na ndugu yako Kabwe bila kutarajia. Hakuna aliyeumia. "The lorry ran into a wall" ni lori liligonga ukuta. Kinachoamua ni nani anayezungumziwa: watu wawili, ni kukutana, chombo cha moto na kitu kingine, ni kugonga. "Run over" nayo ni kugonga na kupita juu yake. Dereva anayeandika maelezo ya ajali kwa Kiingereza, kwa ajili ya bima au mwajiri, achague kwa uangalifu, maana "ran into a goat" na "ran over a goat" si tukio moja.

Tukiwa barabarani bado: lori lililofeli breki kwenye mteremko wa Iwambi au Mbalizi huitwa "a runaway lorry". Si lori lililotoroka wala lililoibwa. Ni lori lisiloshikika.

Mengine kwa haraka. "Run through" ni kupitia kwa haraka, kama mwalimu anayepitia orodha ya majina. "Run something by someone" ni kumwonyesha mtu jambo ili atoe maoni kabla hujaamua. "Run down", kwa betri, ni kuisha chaji. Kwa nyumba au mtaa, ni kuchakaa. Kwa mtu, "I feel run down" ni nimechoka, mwili hauna nguvu. "Run up a debt" ni kulimbikiza deni.

Hatua ya 5: Epuka mitego inayotoka kwenye Kiswahili chenyewe

Kukimbia kwetu nako kuna maana zake, na si zote zinavuka kwenda Kiingereza.

Sema "saa yangu inakimbia". Sote tumeelewa: inatangulia, inasoma saa nne wakati ni saa nne kasorobo. Ukisema "My watch is running", Mwingereza ameelewa kwamba saa yako ni nzima, inafanya kazi. Unachotakiwa kusema ni "My watch is fast", na ikichelewa, "My watch is slow".

Vivyo hivyo gari. "Gari linakimbia" kwetu ni gari lina kasi. "The car is running" ni gari limewashwa, hata kama limesimama limeegeshwa. Na "The car still runs" ni gari bado linafanya kazi, sentensi utakayoikuta kwenye matangazo ya magari yaliyotumika. Kama unataka kusema gari lina kasi sana, sema "The car is going very fast" au "The driver is speeding". Mwongoza watalii anayemwambia dereva wake mbele ya wageni "the car is running too much" ataeleweka kwa shida, na mgeni anayeogopa ndiye aliyepaswa kuelewa mapema.

Tunasema pia mtu anakimbia madeni, anakimbia kesi. Kiingereza kinakubali "run from", lakini "dodge" au "avoid" huwa na ladha ya asili zaidi: "He is dodging his creditors."

Wahudumu wa afya wana wao. Afrika Mashariki tumezoea kusema "running stomach", na daktari wa Nairobi au Dar es Salaam ataelewa bila shida. Huenda ilitusaidia kuizoea kwamba hata kwetu mtoto anayeharisha husemwa anaendesha. Mgeni kutoka Uingereza au Marekani, mwambie "diarrhoea". "The runs" ipo, lakini ni lugha ya kirafiki, usiiandike kwenye kadi ya mgonjwa. "Runny nose" ni mafua ya kutokwa kamasi, na hiyo ni salama kila mahali.

Hatua ya 6: Pima uzito wa kisawe kabla ya kukitumia

Visawe havilingani uzito. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, kwenye makumbusho linakotunzwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1894 Wajerumani wakaiteka ngome ya Kalenga, na Mkwawa akaondoka, akaendelea kupigana nao porini hadi mwaka 1898, alipojipiga risasi badala ya kukamatwa. Sasa mwongozaji anayesimulia kwa Kiingereza anafika kwenye mwaka 1894. Atasema nini?

"Mkwawa ran away." Sarufi haina kosa. Lakini "run away" ni kitenzi cha mtoto aliyetoroka nyumbani au mwizi aliyeona polisi. Kinabeba woga ndani yake. "Mkwawa fled" ni rasmi zaidi, na kinamwonyesha mtu aliyekimbia hatari, ambayo ni kweli kwa sehemu, ila hadithi inaishia kwenye kukimbia. "Mkwawa escaped" kinasema waliotaka kumkamata walishindwa. Ushindi umerudi upande wake. "Mkwawa withdrew and went on fighting for four more years" kinasema alirudi nyuma kwa hesabu, akaendelea na vita. Hicho cha mwisho ndicho ninachokitetea, kwa kuwa miaka minne iliyofuata inakithibitisha. Mgeni hana njia nyingine ya kumjua Mkwawa isipokuwa kitenzi ulichochagua.

Siasa nayo ina uzito wake. Kugombea ni "run for" kwa Wamarekani na "stand for" kwa Waingereza. "In 2020 Tulia Ackson ran for the Mbeya Urban seat and won" ni sentensi ya Kimarekani; Mwingereza angeandika "stood for". Magazeti yetu ya Kiingereza hupenda "vie for", nayo ni sahihi, ila inafaa pale wagombea wanaposhindana kwa ukaribu. Chagua upande mmoja na ubaki nao ndani ya andiko moja.

Hatua ya 7: Maumbo na daftari

Maumbo ni "run", "ran", "run". La tatu linafanana na la kwanza, kwa hiyo ni "I have run", kamwe si "I have ran". Kosa hili linaongezewa nguvu na matamshi, maana masikioni mwetu "run" na "ran" huwa kitu kimoja. Kwenye "ran" panua mdomo zaidi. Kwenye "run" sauti ni fupi na mdomo haufunguki sana.

Daftari lako usilipange kwa alfabeti. Gawa kurasa kwa viima: watu, maji, mashine, barabara, biashara, muda, mwili. Kila ukikutana na "run" kwenye redio, kwenye simu au kwenye karatasi ya dawa, iandike sentensi nzima kwenye ukurasa wake, siyo neno peke yake. Chini yake andika sentensi ya kwako kuhusu jambo la kweli la siku hiyo.

Jipime sasa na aya hii. Ziba majibu yaliyo chini kwa mkono wako kwanza.

"My aunt runs a guesthouse in Tukuyu. The road to it runs through tea fields. Last week the water ran out while two guests were running a fever, and the pharmacy was running low on medicine. She ran to a neighbour, ran into the village nurse on the way, and by evening everything was running smoothly."

Shangazi anaendesha nyumba ya wageni. Barabara ya kwenda huko inapita katikati ya mashamba ya chai. Maji yaliisha, na hakuna "of" kwa sababu kiima ni maji yenyewe. Wageni wawili walikuwa na homa. Duka la dawa lilikuwa limebakiwa na dawa kidogo. Njiani alikutana na nesi wa kijiji bila kutarajia. Ilipofika jioni mambo yote yalikuwa yanakwenda sawa. Kati ya "run" zote nane, ya miguu ni moja tu, "ran to a neighbour", na hata hiyo usiiandike alikimbia kwa jirani. Andika alikimbilia kwa jirani, maana alikwenda kutafuta msaada.